Mashimo Arobaini na Moja ya Mwanarusi

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili lilibaki. Nilinunua saba pale Ukunda, kurasa tisini na sita kila moja. Sita nikampelekea Bi Mwanarusi kisiwani Funzi kwa ajili ya hesabu yake ya pweza, na hili la saba likalala kwenye droo ya ofisi mpaka leo. Masika bado, na joto linamchemsha mtu akili. Nimelitoa kwa sababu nina habari njema na sina wa kumwambia ambaye hatauliza maswali.

Makala yangu imekubaliwa. Miaka mitatu ya kukanyaga mwamba wa Funzi, mimi Kache Garama, mtoto wa wachunga mbuzi wa Taru ambaye mpaka leo hajui kuogelea, na hatimaye jarida la maana limesema ndiyo. Tena ni jarida huria: mwenye simu yeyote duniani ataisoma bila kutoa hata senti. Hilo nililitaka makusudi. Makala yangu ya kwanza ilitoka kwenye jarida la kulipia. Siku Bi Mwanarusi aliponiomba nimwonyeshe jina la kisiwa chao, nilifungua kompyuta mbele yake na ukurasa ukanidai dola thelathini na tisa ili nisome maneno yangu mwenyewe. Akanitazama.

"Kwani hukuandika wewe?"

Nilicheka, nikafunga kompyuta.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema ina mkia. Ada ya kuchapisha ni dola elfu mbili na mia nne. Msomaji halipi, kwa hiyo analipa mwandishi. Nchi zilizo maskini kabisa husamehewa zote, lakini Kenya haijawa maskini kiasi cha kuwaridhisha, tunasamehewa nusu. Na hiyo nusu inayobaki ni mshahara wangu wa miezi miwili. Kituo chetu hapa Msambweni kina bajeti ya mafuta ya boti na karatasi za choo, na karatasi za choo ziliisha Februari.

Wafula, tunayekaa naye ofisi moja, hakuona tatizo.

"Kache, wacha stress. Mpee Prof akuwe corresponding author. Chuo yao ilishalipa publisher pesa ya mwaka mzima, wao hupita tu bure."

Profesa Henrik ni wa chuo kimoja cha Ulaya. Mwaka juzi alikaa wiki mbili hotelini Diani, akaninyooshea takwimu, na jina lake likaingia kwenye makala. Mwandishi wa mawasiliano, kwa lugha ya majarida, ndiye anayezungumza na jarida, anayejaza fomu, na mwenye neno la mwisho. Akiwa ni mtu wa chuo chenye mkataba, ada haimgusi yeyote.

"Na mimi nibaki nini?"

"First author. Jina yako ndiyo inatangulia. Si ndiyo committee inataka?"

Kamati ya kupandisha vyeo inakaa Juni. Mkuu wetu, Daktari Harrison, anataka makala iwe imetoka kabla ya katikati ya Aprili. Miaka sita nimekuwa mtafiti msaidizi. Walionikuta wamenipita.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwandikia Profesa. Amekubali kabla sijamaliza chai.

Jumamosi, 15 Machi

Funzi. Bamvua ya mwezi mpevu: maji yalikupwa mpaka mwamba ukabaki uchi. Bi Mwanarusi amefunga, lakini saa nne asubuhi alikuwa mbele yangu na ufito wake wa chuma, kanga imefungwa kiunoni, miaka hamsini na saba na miguu ya msichana. Ananishika mkono palipo na utelezi, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbuzi hawajambo?"

Huo ndio utani wake. Tangu siku ya kwanza mimi ni mtu wa mbuzi.

Niandike hapa jambo ambalo kwenye makala nililipa mstari mmoja. Mashimo ya pweza katika mwamba wa Funzi yana wenyewe. Bi Mwanarusi ana arobaini na moja, aliyoachiwa na mamake, naye mamake na mamake. Kila moja lina jina: Kichwa cha Mbuzi, Usinione, la Mahari, la Bibi Kiziwi. Mwanamke mwingine akipita hachomi ufito wake humo. Shimo likiwa na jike aliyelalia mayai, linaachwa mpaka yaanguliwe. Na mahali pake hapatajwi kwa mdomo wala kuonyeshwa kwa kidole. Mama humshika bintiye mkono, wakatembea, mpaka mguu wa binti uwe juu ya shimo lenyewe. Bi Mwanarusi hakujaliwa binti. Mimi alinishika mkono mashimo yote arobaini na moja, nami nikaweka alama kwa kifaa cha GPS, ili nijue nimerudi pale pale. Nilimwambia alama zile hazitatoka kwangu. Alisema, "Haya," na hakulirudia tena.

Leo nilimweleza kuhusu jarida huria. Akafikiri kidogo.

"Asomaye halipi?"

"Halipi, Bi."

"Basi nani analipa?"

"Chuo cha yule Mzungu."

"Na yeye anapata nini?"

"Sifa tu."

"Hm," alisema, akachoma la Bibi Kiziwi, akatoa pweza wa kilo mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Profesa ameleta fomu za mwisho na faili la data, nithibitishe. Nimejibu "sawa, endelea" nikiwa nimesimama kwenye baraza la supamaketi, mvua ya kwanza ikinyesha.

Jumatano, 2 Aprili

Imetoka! Jina langu la kwanza kabisa. Baba amepiga simu kutoka Taru: Jumapili mhubiri atatangaza kanisani kwamba binti wa Garama amesomwa Ulaya. Nikamwambia ni kuhusu pweza. Akauliza pweza ni nini hasa, nikaeleza, akasema hilo mhubiri ataliruka.

Jumanne, 15 Aprili

Bi Mwanarusi amempa mtu apige picha ukurasa wa daftari na kunitumia. Daftari zake zina safu nne: jina la shimo, yuko au hayuko, urefu, na safu ya mwisho, Sababu. Shimo likiwa tupu lazima aandike sababu. Jike wa mayai. Mawimbi. Limezibwa na mchanga. Mwandiko aliujifunza katika madarasa ya watu wazima, herufi kubwa kubwa zilizosimama wima.

Matupu tisa. Sababu: SIJUI.

Hajawahi kuandika sijui. Nimemjibu kwamba huenda ni maji ya mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua.

Jumanne, 29 Aprili

Bamvua. Matupu ishirini na mbili. SIJUI, mara ishirini na mbili.

Jumanne, 6 Mei

Leo nataka kuandika polepole, nisijifiche.

Nilikuwa Ukunda, foleni ya fundi wa simu. Cliff akaniona. Ni kijana wa bara anayewapeleka wageni kuzamia Diani, aliwahi kutusaidia kupiga picha chini ya maji. Akanikumbatia mbele za watu.

"Doc! Wee, hiyo map yako ni noma. Wageni wamepagawa."

"Ramani gani?"

"Ya octopus, si hii." Akanionyesha simu. Bahari ya Funzi, na juu yake vitone vyekundu. Sikuhitaji kuvihesabu. "Iko kwa ile paper yako, chini kabisa, kuna file. Free! Nikaingiza points zote. Nikatumia maboyz wangu wa kupiga mbizi, wale huuzia hoteli pweza. Wanaenda hata ile siku maji haishuki, wanapata tu. Umetusaidia sana, Doc. Watu wengine wakisoma hawarudishi kwa community."

Alisema hivyo, na alikuwa na maana hiyo hiyo. Sikuweza hata kumkasirikia.

Wanawake hawachokoi mwamba siku za maji mafu kwa sababu haufunuki. Siku hizo ndizo mashimo hupumzika, pweza mwingine akaingia, wa mayai akalea. Wapiga mbizi hawangoji mwamba ufunuke. Anayejua shimo lilipo anashuka tu na kumtoa, bamvua ikifika shimo ni tupu. Niliyajua haya yote. Nimeyaandika kwa herufi ndogo katika ukurasa wa saba wa makala.

Nimerudi ofisini nikafungua lile faili kwa mara ya kwanza. Jedwali la kwanza ni vipimo. La pili ni alama, arobaini na moja, na majina yake. Usinione, na mahali pake mpaka hatua ya mguu. Limefunguliwa mara mia mbili na kumi na mbili.

Jedwali hilo nilimtumia Profesa mwenyewe mwaka juzi, aninyooshee takwimu. Sikumwambia ni siri. Niliona haya. Ningemwandikiaje profesa kwamba kuna mama mmoja kisiwani amesema shimo halionyeshwi kwa kidole? Nilihofia ataniona mshamba. Naye wafadhili wake wanataka data yote iwe wazi, akaweka yote, akaniuliza, nami nikasema sawa, endelea. Mtu hawezi kuulizwa vizuri zaidi ya hivyo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeliandikia jarida waliondoe faili. Jibu limekuja upesi: ombi kama hilo hupokelewa kutoka kwa mwandishi wa mawasiliano pekee. Nimelisoma mara tatu. Makala ni yangu na mlango wake hauna ufunguo wangu. Niliutoa mwenyewe nipite bure.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwandikia Profesa. Leo sikuona haya kumwambia habari ya kidole na mguu. Leo, baada ya wapiga mbizi.

Jumatano, 14 Mei

Bamvua. Sikwenda Funzi. Niliambia watu nina homa.

Jumatatu, 19 Mei

Profesa amejibu. Ni mtu mwema, na wema wake umenitesa kuliko ukali. Anasikitika sana, anasema angalijua asingaliweka, anauliza kwa nini sikumwambia. Ameshaomba faili libadilishwe. Jarida limesema litapitia ombi kwa utaratibu wao, siku thelathini. Na ameongeza kwa uangalifu kwamba walioshusha nakala tayari, wanazo.

Jumatano, 28 Mei

Bamvua. Sikwenda Funzi. Boti ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, mvua iliacha saa mbili asubuhi. Naandika haya ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba palikuwa na sababu.

Jumanne, 3 Juni

Amekuja yeye.

Alivuka bahari mpaka Bodo, akapanda pikipiki mpaka barabarani, akafika ofisini saa tano na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, kanga imelowa mpaka magotini. Wafula akampa kiti chake. Bi Mwanarusi hakukaa.

"Umepona homa?"

"Nimepona, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukwambia jambo, nisilitume kwa mdomo wa mtu." Akafungua daftari mezani. Thelathini na tatu, matupu. "Mimi nadhani ni mimi. Nimezeeka, pengine nachoma vibaya, nawatisha. Au nilichukua jike wa mayai siku moja bila kumwona, macho yangu si yale. Mamangu aliniachia yamejaa. Sasa wewe una kitabu chako kinachosomwa na watu wote. Nataka uandike mle kwamba Mwanarusi hakujua kutunza, watu wasije wakasema ni bahari yetu mbovu, au wewe ndiye umehesabu uongo."

Amekuja kunilinda mimi. Kutoka Funzi, na mvua ile.

Wafula alikuwa ananitazama. Yeye anajua, nilimweleza siku ya Cliff. Alikuwa anangoja niseme. Mdomo wangu ulifunguka, na kilichotoka ni, "Si wewe, Bi. Pengine ni mvua."

"Mvua nazijua," alisema.

Nilimsindikiza mpaka stendi, nikamlipia pikipiki, akashukuru. Niliporudi Wafula alikuwa amevaa visikizi, na najua havikuwa na wimbo wowote.

Nilipokuwa mtoto Taru, miaka ya ukame baba alikuwa na mahali pake kwenye mto mkavu, alipochimba maji ya mbuzi. Alitufunika macho kwa kitambaa mpaka tulipofika umri wa kuweza kunyamaza. Siku moja binamu yangu alimwelekeza dereva wa lori kwa soda moja. Juma lile walikuja watu na madumu wakaumaliza mto. Baba hakumpiga. Alikataa tu kumwita jina, mpaka anakufa yule binamu. Mimi niliona kwamba anastahili. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na hakika kabisa.

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Bi Mwanarusi ametuma biriani kwa mkono wa jirani yake anayefanya kazi hotelini Diani, imefika imepoa. Sikuweza kuila. Nimempa Wafula, naye akala akiwa amenipa mgongo.

Alhamisi, 12 Juni

Bamvua. Sikwenda Funzi.

Jumanne, 17 Juni

Jarida limebadilisha faili. Sasa lina vipimo tu. Cliff bado ana vitone vyake. Nilimpigia na kumwomba avifute, akasema, "Sawa Doc, hakuna noma," lakini maboyz, alisema, hao hawezi kuwaahidi.

Jumatano, 18 Juni

Kamati imenipa cheo. Mtafiti Mwandamizi. Daktari Harrison alinipa mkono mbele ya wote akasema makala yangu ni mfano wa elimu kuwafikia wananchi. Watu wakapiga makofi. Wafula pia alipiga, mara mbili tatu hivi.

Cheo nimekichukua. Niandike hilo wazi. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, na nikasema asanteni.

Jumapili, 22 Juni

Nimempigia baba. Nilitaka kumweleza, yeye angalielewa kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana sikuweza. Tukazungumza habari za kupe.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda Funzi.

Mvua ilikuwa ya kunyunyiza tu. Nilimkuta mwambani, mbali, peke yake, akitoka la Mahari kwenda Kichwa cha Mbuzi. Aliponiona akanyoosha mkono ili anivushe penye utelezi. Nikasema hapana, Bi, nisikilize kwanza, usinishike. Nikasimama pale maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu nikamwambia. Yote, kwa mpangilio: ada, Profesa, jedwali, sawa endelea, Cliff, siku aliyokuja ofisini na nikamwambia ni mvua. Nilimwambia na cheo.

Nilipomaliza akaweka ufito chini, na ufito huwa hauweki chini.

"Nilipokutembeza, nilikushika mkono?"

"Ulinishika."

"Yote?"

"Yote, Bi."

"Nami miezi miwili na zaidi najilaumu macho."

Nikalia. Hakunibembeleza. Akangoja, jinsi anavyongoja wimbi lipite kabla hajachoma. Kisha akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akafungua ukurasa wa leo, na kalamu akaniwekea mkononi bila kunigusa vidole. Mashimo arobaini na moja. Thelathini na tisa matupu, na kila mstari, kwenye safu ya Sababu, SIJUI.

"Futa sijui," alisema. "Sipendi kuandika sijui penye jibu. Andika jina lako."

Niliandika nikiwa nimechuchumaa, daftari juu ya goti, nikilikinga mvua kwa kifua. Usinione: Kache Garama. La Bibi Kiziwi: Kache Garama. Mkono wangu, unaojaza fomu kila siku, ulitoa herufi mbaya kuliko zake. Yeye alisimama juu yangu akifuata mstari kwa mstari, midomo ikisoma. Nilipofika mwisho nikampa. Hakupokea.

"Na haya mawili?"

"Haya yana pweza, Bi."

"Leo yana."

Nikaandika.

Akaupuliza wino ukakauka, akalifunga daftari katika nailoni, akaokota ufito wake na kunitangulia. Nilirudi ufukweni polepole, kwa miguu na mikono penye utelezi, yeye mbele hatua ishirini. Kwenye boti, nilipokuwa nimekwisha kukaa, akaniita kutoka ufukweni. Hakuniita mwanangu wala mtu wa mbuzi.

"Kache. Bamvua ijayo njoo na kalamu yako. Yangu usiimalize."